Maji Yaliyozima Chuma

Juzi nilikuwa napita mtaa wa Gerezani, Kariakoo, upande wa mafundi wa majiko, nikasimama. Sikuwa na shida ya jiko. Fundi mmoja alikuwa ametoa patasi kwenye mkaa, nyekundu kama pilipili iliyoiva, akaizamisha kwenye kopo la rangi lililokatwa katikati. Chuma kikalia, mvuke ukapanda, na harufu ikanijia usoni. Sijawahi kuipatia jina harufu hiyo. Ndani yake kuna mvua ya kwanza juu ya bati, kuna majivu, kuna ladha ya damu mdomoni siku jino linapong'oka. Fundi akaniangalia.

"Dada, nikupe jiko la ukubwa gani?"

Nikamwambia sitaki jiko, nanusa tu. Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Mjini hapa kila mtu na starehe yake."

Nilikulia mitaa miwili kutoka pale. Asubuhi yetu haikuanza na jogoo, ilianza na nyundo: kwanza moja, kama mtu anayebisha hodi, halafu zote kwa pamoja mpaka ukuta wa chumba unatetema. Mama yangu, Mzaramo aliyezaliwa Ilala, alikuwa akisema hajui kama ana watoto wasikivu au viziwi, kwa sababu alitupigia kelele maisha yote. Baba alikuwa Mchaga na aliuza viatu vya mtumba Mchikichini. Alikuwa mtanashati kupita kazi yake. Viatu vya miguuni mwake alivichagua kwenye bale kabla ya mteja kuviona, akaving'arisha mpaka unaona meno yako.

Njia fupi ya kwenda kwenye meza yake ilipita katikati ya mafundi. Hakuipita hata siku moja. Alizunguka kwa mbali, juani, na mimi niliamini anaogopa cheche zitamtoboa suruali. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuweza kulielezea. Kila kitu cha chuma kilichokuwa karibu naye alikigonga kwa kifundo cha kidole, kisha akainamisha kichwa kusikiliza. Sufuria, kitasa, geti la watu. Mama alimtania, "Baba Aika, hiyo sufuria ikikuitikia niambie, nami nina maneno yangu nayo."

Mimi nilikuwa kinyume chake. Nikitumwa shule, miguu ilinipeleka Gerezani. Nilikaa juu ya mapipa matupu nikitazama bati linavyokubali kuwa mdomo wa jiko, na mafundi walinifukuza kwa upole wa mazoea. "We mtoto, mwalimu wako anatulaumu sisi!" Nilikuwa na mfuko wa vitu vya kuokota: nati, spoko za baiskeli, na sumaku nzito ya spika iliyokufa. Hiyo sumaku nilitembea nayo kila mahali. Nilitaka kujua dunia ipi inashika na ipi haishiki.

Kitu nilichokuwa sikielewi kabisa ni Desemba. Kila mwaka mwezi huo Kariakoo ilibadilika. Maduka ya Wachaga yalishusha milango, magari yakapakiwa magodoro na makreti ya soda, na watoto niliocheza nao wakaniaga kwa kiburi: "Tunaenda nyumbani." Nyumbani kwao ni mlimani. Na baba yangu naye ni wa mlimani, ila sisi hatukwenda. Alibaki kwenye meza yake katika soko lililopwaya, akipanga viatu ambavyo hakuna wa kuvinunua. Nikiuliza, alisema, "Njia ndefu." Kwa hiyo nikajitafutia jibu mwenyewe. Nikaamini mlima unapokea wenye maduka tu, na baba yangu mwenye meza alikuwa bado hajafika daraja hilo. Nilimwonea huruma kimyakimya. Nikipita kwenye fremu tupu ya duka yenye tangazo la kupangishwa, nilikuwa namwambia, "Baba, ile inatufaa."

Dada yangu Aika ndiye aliyefungua mlango huo, bila kukusudia. Aliuza vitenge kwenye duka la jumla la Mama Eli, mjane wa Kichaga mwenye sauti ya kuamrisha na moyo wa kulisha watu. Mama Eli alimpenda Aika kama mtoto wake. Kijana wake Elibariki naye akampenda, kwa namna nyingine. Ikafika siku wakaja kwetu kujitambulisha. Mama alipika pilau, mimi nikafukuzwa mlangoni, nikakaa hapohapo mlangoni.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama Eli alipouliza, kama watu wao wanavyoulizana, "Baba Aika, hatujakaa tukajuana vizuri. Kwenu ni ukoo gani?"

Baba akautaja. Mama Eli akaweka chupa ya soda chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Wale wa nyundo?"

"Ndio. Wale wa nyundo."

"Nyundo imefanya nini tena?" mama akauliza.

"Mama Aika, mambo ya mlimani wewe huyajui," alisema Mama Eli, na sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imepotea. "Binti wa wahunzi anazaliwa na chuma mikononi. Akiolewa lazima kwanza avuliwe hicho chuma kwao, na wazee wake, mbele ya macho ya upande wa mume. Asipovuliwa, mume hadumu."

"Mbona mimi nimeolewa na mwenye nyundo mwenyewe na bado nadunda?"

"Kwa mwanamume haina neno. Ni binti."

"Kumbe na nyundo nayo inachagua."

Elibariki aliona aibu. "Mama, jamani, karne gani hii?"

"Karne ya wewe kunizika mimi, au ya mimi kukuzika wewe? Chagua." Kisha akageukia dada, macho yamejaa. "Aika mwanangu, sikukatai. Mungu anajua. Lakini nimeshazika mume, na mtoto ninaye huyuhuyu mmoja. Nendeni kwenu uvuliwe. Nitakuja mwenyewe nione kwa macho yangu. Tukirudi, hata kesho yake nafunga duka tufanye harusi."

Baba alisema neno moja. "Siendi."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kidogo. Siku zile nilisikia vipande vipande, mama akimbana baba jikoni. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mhunzi, na babu yake pia, na yeye alikuwa mtoto wa kiume peke yake. Shuleni watoto walikuwa hawakai naye dawati moja. Watu walikuja kwao kuchukua majembe na visu, wakavipokea wakiwa wamesimama nje. Siku moja akaachia mivukuto ya kupulizia moto katikati ya kazi, chuma kikiwa bado motoni, akaondoka. Babu alimtamkia kwamba aliyeacha moto wake ukipoa asirudi kuuota. Na hakurudi.

Mimi nilichokishika katika yote hayo ni kwamba dada ana chuma mikononi. Nilimvizia akifua uani. Nikachukua sumaku yangu, nikaibandika kwenye kiganja chake chenye povu. Ikaanguka ndani ya beseni.

"Unafanya nini, we mchawi?"

"Hakishiki," nilimwambia. "Huna."

Nilijua atacheka, lakini alikaa chini kwenye saruji yenye maji, mikono mapajani, akaitazama kama ya mtu mwingine. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, anatoka kuoga. Aika alizungumza bila kugeuka.

"Baba, mimi siamini hayo mambo. Lakini sitaki kila Eli akikohoa, mama yake aniangalie mikono."

Baba alikwenda kukigonga kitasa cha bafu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Jioni ile akasema tutaondoka Jumamosi.

Mama alibaki na meza ya viatu. Tuliondoka baba, Aika, Mama Eli na mimi, ambaye nilichukuliwa kwa sababu vinginevyo ningetoroka na kufuata. Baba alikuwa amenunua mmea kwenye bustani za maua za barabarani, umekaa kwenye kopo, majani marefu yenye mstari wa njano katikati. Nilikabidhiwa mimi nikaupakata njia nzima. "Ni sale," aliniambia. "Kwetu ukimkosea mtu unampelekea sale. Hawezi kukataa kukusikiliza." Mama Eli aliutazama ule mmea, akafumbua mdomo, akaufumba.

Nilitarajia kijiji. Tulikuta geti. Uzio wa seng'enge ulizunguka migomba na nyumba za nyasi zilizochongoka kama vichuguu, njia zimepangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kulikuwa na kibanda na ubao uliosema ni kijiji cha kale cha wahunzi, kimehifadhiwa. Kijana mwenye kofia na kitambulisho kifuani alitupokea kwa furaha.

"Karibuni sana. Mnatokea wapi?"

"Hapa," alisema baba.

"Hapa Moshi?"

"Hapa. Nyumba ile ya pili, nyuma ya mgomba."

Kijana akaangalia alikooneshwa, akacheka kwa adabu. "Mzee, ile ni nyumba ya maonyesho. Hakai mtu. Tiketi za Watanzania mnapata pale dirishani."

Baba alinunua tiketi. Alinunua tiketi ya kuingia mahali alipozaliwa, akaishika mkononi muda wote kama mtu anayeogopa kuulizwa. Mama Eli aliangalia pembeni, akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi.

Kibanda cha moto kilikuwa katikati. Palikuwa na benchi za wageni, na juu yake wazungu wazee wenye kofia pana. Mbele yao alikaa mzee mwembamba amejifunga ngozi begani, na pembeni yake kijana anakandamiza mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, huu ukipanda ule unashuka, moto ukivuta pumzi na kuitoa. Niliona vizuri kuliko wote kwa sababu nilichuchumaa mbele. Chini ya ile ngozi ilichungulia kaptula ya bluu. Nyuma ya mgomba kulikuwa na raba zimepangwa.

"Huyu si babu," nilimnong'oneza Aika. "Ni mwigizaji. Ana kaptula."

Yule mzee aliinua macho, akamwona baba. Hakusimama. Alimaliza kukunja ncha ya mkuki mdogo, akaizamisha kwenye bakuli la mbao lenye maji, na ile harufu ikapanda. Ndiyo siku ya kwanza kuinusa ile yenyewe. Wageni wakapiga makofi. Baada ya makofi ndipo mzee akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi mabinti tusikie, "Umenenepa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani hawa?"

Baba akatueleza, kila mmoja na shida yake, mpaka Mama Eli na Elibariki wake mmoja. Kisha akaniashiria. Nikampelekea ule mmea, akaupokea, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Babu aliuangalia muda mrefu.

"Hiki nini?"

"Sale, baba."

Babu akapitisha kidole juu ya ule mstari wa njano. "Sale la wapi hili lenye mstari?" Akamgeukia Mama Eli. "Mama, wewe si wa kwetu? Hili ni sale?"

"Mimi nilinyamaza tu, mzee," alisema Mama Eli. "Niliona amelipakatisha mtoto njia nzima, nikasikia vibaya."

"Hili ni ua la hotelini!" alisema babu. "Nimeliona Moshi mjini, mapokezi, wanaweka na mawe meupe!" Akacheka mpaka akakohoa, na yule kijana wa mivukuto akacheka, na Mama Eli akaficha uso kwenye kitenge. Baba alibaki ameushika, masikio yamewaka. Uzio wote wa kile kijiji, nje tu ya seng'enge, ulikuwa umeoteshwa masale, kijani tupu, marefu kunishinda. Alikuwa amepita katikati yake hakuyaona.

Kicheko cha babu kikaisha taratibu. "Umesahau hata jani," alisema, na sasa haikuwa mzaha.

"Nimesahau, baba. Ndiyo maana nimekuja."

Babu akauchukua ule mmea, akauweka kwenye kivuli, mahali pazuri. "Msichana namwonea huruma," alisema. "Lakini siwezi. Sisemi sitaki. Siwezi. Kuvua chuma ni kazi ya watu wawili wa damu moja, mmoja kwenye mivukuto na mmoja kwenye nyundo. Huyu kijana anapuliza vizuri sana, lakini si wa kwetu. Anapulizia mshahara. Jioni anavua ngozi anarudi kwao."

Sauti ya Mama Eli ndiyo ilisikika, ndogo. "Kwa hiyo haiwezekani?"

Niliangalia uso wa dada yangu. Alikuwa anamwangalia baba, na baba anaangalia viatu vyake.

"Tusubiri wageni watoke," alisema baba.

"Mkaa wa leo ni ule unaouona. Moto unawashwa wageni wakiwepo, wakiondoka unazimwa. Mwenye geti ndiye mwenye mkaa."

Yule kijana wa kofia akatikisa kichwa kwa huzuni, kweli ndivyo ilivyo. Wageni nao walikuwa wameanza kunong'ona, wanaona jambo, hawajui jambo gani. Mimi nilijua baba ataghairi. Mtu aliyezunguka juani maisha yangu yote ili asipite karibu na moto wa mafundi, angeketi mbele ya wazungu wenye kamera?

Aliinama akafungua kamba za viatu. Akavivua, akaviweka sambamba, soksi ndani. Akakunja suruali yake ya pasi. Kijana wa mivukuto akampisha bila kuambiwa, na baba akaketi chini kwenye udongo, akaweka kiganja kimoja juu ya kila mfuko. Mara ya kwanza alikandamiza vibaya, majivu yakaturukia. Mara ya pili moto ulikohoa. Halafu mikono yake ikakumbuka. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo, ilikumbuka kabla yake, nilimwona anaitazama kwa mshangao, huu ukipanda ule unashuka, na moto ukaanza kuguna kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, ambayo yule kijana hakuwa ameitoa.

Kijana wa kofia alijikuta ana wageni wa kuwaeleza. Akawageukia, akaanza Kiingereza kingi huku anapunga mikono. Nilimvuta shati. "Unawaambia nini?"

"Nawaambia leo wana bahati, kuna onyesho la ziada."

Basi. Neno hilo moja likaniharibia miaka mingi. Kila kilichofuata nilikiona kama mchezo. Babu na baba waliacha Kiswahili wakaanza kusemezana Kichaga, na mimi sikujua hata neno. Babu alipaka siagi kwenye kichwa cha nyundo, akampaka nayo Aika viganjani, juu na chini na kati ya vidole. Akaushikisha mkono wa Aika kwenye mpini, akaweka wake juu, wakapiga chuma pamoja, baba akiendelea kupuliza, jasho likimdondoka kutoka puani. Chuma kikazamishwa. Kikalia. Babu akaishika mikono ya dada, akaitia ndani ya yale maji yakiwa bado yanatoa mvuke, akainawisha polepole kama ya mtoto mchanga, huku akisema maneno, na baba akiyarudia nyuma yake kwa sauti iliyokatika katikati. Aika akalia. Alilia wazi, bila kujifunika, na baba naye akalia bila kuacha mivukuto kwa sababu hakuwa na mkono wa kujifutia.

Nilivutiwa mno. Niliona dada yangu anajua kuigiza kuliko watu wote Kariakoo. Wazungu walipopiga makofi, mimi nilipiga kuwazidi, nikapiga na mluzi. Aika aliniangalia katikati ya machozi yake kwa jicho ambalo sikulielewa, halafu akaanza kucheka.

Nikakumbuka sumaku. Nikakimbia nikaibandika kwenye kiganja chake chenye siagi. Ikateleza ikaanguka. "Kimetoka!" nilitangaza.

"Hebu lete hapa," alisema Mama Eli. Aliiokota, akaijaribu kwanza kwenye kishikizo cha pochi yake, ikanata. Akaijaribu kwenye kiganja cha kulia cha Aika, na cha kushoto. Akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Dar es Salaam. Akaikausha mikono ya dada kwa kitenge chake mwenyewe, kile kizuri cha safari, akachukua ndizi mbivu kwenye kikapu chake. "Nimenyee." Aika akamenya, akamlisha kwa vidole vyake, na Mama Eli akala yote mbele yetu, taratibu, anatafuna kama anayeapa.

Nami nikataka. Nilikaa mbele ya babu, nikanyoosha mikono yangu juu ya lile bakuli. Ilikuwa myeusi, kwa sababu wakati wote ule nilikuwa nachokonoa mkaa. Babu akaishika, akaigeuza, akaigonga viganjani kwa kifundo cha kidole, mara moja huku na mara moja huku, akainamisha kichwa. Akasema neno kwa baba. Kisha akainua bakuli, akayamwaga maji yote kwenye shina la mgomba.

Nilinuna mpaka Dar es Salaam. "Amesema nini?" nilimuuliza baba mara nyingi, na yeye alijibu, "Amesema wewe bado."

Mama Eli alitimiza neno lake, harusi ilifanyika. Elibariki ana kitambi sasa na watoto wake wananizidi urefu. Anakohoa kama watu wote, na hakuna anayeangalia mikono ya mtu. Baba alianza kwenda mlimani kila Desemba, bila duka, nami nikafuta nadharia yangu ya maduka. Desemba moja akaenda, hakurudi. Mama aliwatangazia majirani: "Niliolewa na muuza viatu, kumbe nilikuwa nimetunziwa msanii." Sasa anakwenda na kurudi, miezi huku miezi kule, na anadai kule mlimani baridi inamkumbusha thamani ya Ilala. Babu alikwisha kufariki. Baba ndiye anayejifunga ngozi, na chini yake kaptula.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Haikunifukuza, nilitembea tu siku moja nikapitiliza. Nimekaa Tunduma, nimekaa Geita, nimekaa Kilwa, nimeuza chai kwa wachimbaji na kushona viatu kwa madereva. Kila mji ninaofika, kabla sijapata chumba ninakuwa nimeshamjua anayefua chuma pale, na nimeshamwomba nikae pembeni. Geita alikuwepo mwanamume mwema aliyetaka tuoane. Nilimweleza kwa mzaha kwamba mimi sikuvuliwa, akacheka, akasema hayo ni mambo ya kwenu. Usiku haukupita bila mimi kuyafikiria. Sikuwa naogopa kwamba atakufa. Nilichogundua ni kwamba sikutaka kuvuliwa.

Wiki iliyopita baba alinipigia. Aliongea kwanza habari za mvua, halafu akasema, "Mwanangu, mimi kifua kinachoka. Kijana wa mivukuto amepata kazi mjini. Njoo nikuvue, mkono bado una nguvu. Nikiondoka hakutakuwa na mtu wa kukuvua."

"Si wanatakiwa wawili, baba? Wa damu moja?"

Kwenye simu nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anauliza kwa Kiingereza choo kiko wapi.

"Ndiyo," alisema. "Wa pili ni wewe, na wa kuvuliwa ni wewe pia. Nilikuwa nalifikiria hilo tangu asubuhi, sipati jibu."

"Siku ile babu alisema nini?"

"Nilikwambia. Wewe bado."

"Baba."

Akacheka kidogo. "Alisema, 'Huyu msimguse. Huenda tukamhitaji.'"

Ndiyo sababu juzi nilisimama pale Gerezani. Nilikuwa njiani kukata tiketi ya basi. Mafundi wale wananijua sasa, yule mcheshi aliniachia nikajaribu kipulizio chao cha mkono, cha duara, kile cha kuzungusha kwa kishikio. Si sawa na mifuko ya ngozi, lakini moto uliguna. Mama amenipa kitenge cha kumpelekea baba ajifunike baridi, na ameniambia nikifika niuangalie ule mmea wa hotelini. Babu aliuotesha siku ileile tuliyoondoka, pembeni ya kibanda, na umekuwa mti. Kila kijana mpya wa getini anawaeleza wageni kwamba ni sale la kale la wahunzi, na baba hajawahi kumsahihisha hata mmoja.

Najua getini nitaulizwa natokea wapi. Nitasema hapa. Wakinidai tiketi nitakata, baba yangu naye alikata. Kisha nitavua viatu.